Vibati vya Ngasa

Tulimzika Masanja hivi karibuni, Shinyanga mjini, na pale msibani Kambarage watu walimsifu mpaka nikaona haya kwa niaba yao. Walisimama mmoja baada ya mwingine kueleza kwamba marehemu alikuwa mchapakazi tangu ujana wake, kwamba kule migodini Geita wazungu walimjua kwa jina, kwamba vijana wa siku hizi wangeiga mfano wake wasingekuwa wanashinda vijiweni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi karibu na masufuria, moshi wa kuni ukinikata macho, na mwanawe mkubwa akaniinamia sikioni. "Mzee Lukasi, mliofanya naye kazi umebaki wewe peke yako. Sema maneno mawili tu." Nikamwambia koo linaniuma. Halikuwa linaniuma hata kidogo. Maiti hasemwi vibaya, ndivyo tulivyolelewa, na mema ya Masanja ninayoyajua mimi yote yalikuwa mali ya mtu mwingine. Nikala wali wao, nikanawa, nikaondoka kabla ya dua ya mwisho, na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Mwaka wenyewe ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilitoka Ushirombo, kwetu Wasumbwa, nikiwa na madarasa machache ya misheni kichwani, shati moja la heshima na ujinga wa kutosha, nikaenda kuandikwa kazi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Jina la mgodi silitaji. Shimo lenyewe limeshajaa maji. Nilipangiwa chumba kimoja na Wasukuma tisa, chumba kirefu chenye bati juu na saruji chini, kilichonuka kabaidi ya taa, jasho na mboga kavu ya nsansa iliyokuwa ikichemka kwenye mafiga nje ya mlango. Walinicheka siku ya kwanza kwa sababu nilitoa kijiko. "Msumbwa huyu amekuja na koleo lake," akasema mmoja wao, wote wakaangua kicheko, na mtu mwenye mabega mapana kuliko mlango akanisogezea sahani ya ugali wa mtama na kuniambia, "Kula na mkono, bwana mdogo. Hapa tukila pamoja tunashiba pamoja." Huyo ndiye Ngasa. Nilimpenda tangu tonge lile la kwanza, na sioni sababu ya kuficha.

Kule kwao, mashambani Shinyanga, Ngasa alikuwa nsumba ntale, yaani mkuu wa vijana wanaolima kwa kundi. Mwenye shamba huwaalika, nao hujipanga safu moja, majembe yakapanda na kushuka kwa wimbo, na mwenye nguvu akitangulia hurudi kumsaidia aliye nyuma ili safu isikatike. Shamba likiisha hakuna anayeuliza nani amelima matuta mangapi. Cheo hicho hakirithiwi wala hakinunuliwi. Kijana hupewa na wenzake kwa sababu wamemwona akifanya kazi, na mvivu kwao ni mtu asiyefaa hata kukaribishwa maji. Ngasa alipoondoka kwenda mgodini alimwachia mwenzake amshikie nafasi mpaka atakaporudi. Hilo alilitaja mara nyingi wakati wa kula, kwa fahari ya mtu anayezungumzia mchumba.

Chini ya ardhi kazi yetu ilikuwa kujaza mawe kwenye toroli kwa mabeleshi. Kila mtu alipewa vibati vyenye namba yake. Ukijaza toroli unatundika kibati chako, nayo inasukumwa mpaka juu ambako karani anahesabu. Kundi letu halikutundika hivyo. Ngasa alivikusanya vibati vyote kwenye mfuko wa kitambaa aliouvaa shingoni, na toroli ikijaa, yeyote aliyeijaza, alitundika kibati cha anayefuata kwa zamu. Jioni kila mmoja wetu alikuwa na idadi ileile. Hakuna aliyeona kwamba ni udanganyifu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi tulikuwa vidole kumi.

Kulikuwa na sababu nyingine, nayo ndiyo hasa iliyotushika. Masanja, aliyetoka kijiji kimoja na Ngasa, alikuwa na kifua kibovu. Vumbi la mawe lilikuwa limemwingia, na akiinua beleshi mara chache alikaa chini kukohoa huku macho yamemtoka. Hospitali ya mgodi ilimpa dawa kwa kuwa alikuwa mfanyakazi wao. Aliyeachishwa kazi aliachishwa na dawa. Alipandishwa lori akarudishwa kwao, na habari za watu kama hao zilitufikia kabla mvua hazijaanza, fulani amekufa, fulani naye hajiwezi. Kwa hiyo chumbani kwetu neno lilikuwa moja: Masanja asidondoke. Ngasa alijaza za kwake na za Masanja, na alifanya hivyo akiimba.

Ndipo akaja mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Saa, kwa sababu ya saa aliyoivaa shingoni kwa mkanda. Yeye hakuwa na ukali wa wale wengine. Hakutukana, hakupiga, alisimama tu kando akitazama na kuandika, na mimi nikadhani amekuja mtu mwema. Baada ya mwezi mmoja tuliitwa sote kumi ofisini. Ukutani alikuwa amebandika karatasi kubwa iliyojaa nukta, nukta moja kwa kila mfanyakazi wa mgodi, zimerundikana katikati na kupungua pande zote mbili. Katikati ya rundo hilo alikuwa ametia nukta nyekundu, nazo zilisimama wima, moja juu ya nyingine, pamoja. Hizo zilikuwa sisi. Alizungumza kwa upole, na Karani Rajabu, mtu wa Tabora mwenye kanzu safi na sauti ya kutafuna maneno, akatutafsiria.

"Bwana anasema Mungu hajaumba watu kumi wenye nguvu sawasawa."

"Mwambie ni kweli," Ngasa akajibu. "Ndiyo maana tunasaidiana."

Karani alimtazama kidogo, kisha akamgeukia mzungu na kusema neno moja fupi ambalo halikuwa hilo. Halafu akatuambia kwamba kuanzia mwezi ule kila mtu atundike kibati chake mwenyewe, na kwamba tukionekana tena tumesimama kama nguzo, tutafukuzwa wote kwa udanganyifu. Tena atakayeonekana chini ya mstari atafukuzwa kwa uvivu. Tukatoka. Masanja alikohoa njia nzima, na hakuna aliyemtazama usoni.

Jumapili nilikwenda kwa Karani Rajabu, maana mimi ndiye niliyejua kugawanya na kuzidisha. Chumba chake kilikuwa na mkeka, msala umekunjwa vizuri juu ya sanduku, na harufu ya mchuzi wa nazi, ambayo sijui aliipata wapi huku kwetu. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, kisha akanikaribisha chai na bakuli la karanga. Nilipomwomba anieleze mstari ni nini, alifurahi, kwa sababu alipenda kufundisha. Akamwaga karanga mkekani. Kila karanga ni mtu, akasema. Akazipanga kwa safu: hawa wamejaza toroli tisa kwa siku, hawa kumi, hawa kumi na moja, na kuendelea. Kufikia kumi na mbili safu ilikuwa ndefu kuliko zote, kisha zikaanza kufupika tena kuelekea kumi na tano, kumi na sita. Umbo lililotokea mkekani lilikuwa la kengele ya misheni, pana chini, juu limefunga.

"Hapa katikati ni wastani," akasema, akigusa ile safu ndefu. "Unajumlisha zote, unagawa kwa watu. Lakini wastani peke yake haukuambii kitu, Lukasi. Watu wanaweza kuukaribia au kuukimbia. Kwa hiyo unatafuta hatua. Mtu wa kawaida anasimama umbali gani kutoka katikati? Mgodi huu, hatua ni toroli mbili. Hatua moja huku na moja huku, umeshawapata watu wengi, kama theluthi mbili. Hatua mbili huku na mbili huku, umewapata karibu wote. Atakayebaki nje, upande wa chini, Bwana anasema huyo si mtu wa kazi."

Nikahesabu kwa vidole. Kumi na mbili, toa hatua mbili za toroli mbilimbili. "Nane," nikasema. "Asiyefikisha nane."

"Umesoma wewe," akacheka, na akala karanga moja, mtu mmoja wa toroli tisa.

Nikamuuliza kama tunaweza kupokezana: leo huyu awe chini, kesho yule. Akatikisa kichwa. Bwana hapimi siku, anapima mwezi. Ukipokezana, kila mtu atakuwa na siku zake mbaya na nzuri, zitafutana, na mwisho wa mwezi mtasimama tena nguzo ileile. Lazima mtu wa chini awe wa chini kila siku, na wa juu awe wa juu. "Na msibadilishane mwezi unaofuata," akaongeza. "Mtu akiruka ghafla jicho linamfuata. Mpeni Bwana kengele yake ndogo, atalala usingizi." Nikarudi chumbani mbio kama niliyeokota almasi.

Tulilijadili jambo hilo juu ya sahani ya michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa na chai isiyo na maziwa. Hesabu ilikuwa rahisi. Kundi lingejaza jumla ileile ya zamani, ila vibati vingegawanywa: mmoja apate tisa, mmoja kumi, na kupanda hivyo mpaka mmoja apate kumi na tano. Nani awe wa tisa? Ingawa tisa ilikuwa juu ya mstari, ilikuwa aibu. Kuonekana wa mwisho katika wenzako, kila siku, mbele ya mnyapara! Masanja alisema kwa sauti ndogo kwamba anastahili yeye. "Wewe hapana," Ngasa akamkata. "Wewe tunakuweka juu ya katikati, kumi na tatu, mbali na mstari. Siku ukilala kitandani usidondoke. Tisa nipeni mimi. Nani atanitazama mimi na mwili huu aseme ni mvivu?" Tukacheka. Nakumbuka tulicheka sana.

Mwezi wa kwanza mpango ulikwenda kama tulivyotaka. Waliofukuzwa walikuwa wa makundi mengine. Tuliwaona wakipanda lori na mablanketi yao, na tukajifanya tuna shughuli. Bwana Saa alimwambia karani kwamba sasa kundi letu limekuwa la watu wa kweli. Sisi tukanunua kichwa cha mbuzi, tukachemsha supu, na Ngasa akala jicho. Alikuwa anajaza toroli nyingi kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona chini ya ardhi, na anaandikwa wa mwisho. Alilichukua kama utani mzuri, utani wa mtu anayejua kwamba nyumbani kwake anajulikana.

Kosa letu lilikuwa hili, na nadhani mtu wa mjini asingelifanya. Kwetu mpaka wa shamba ni ua wa minyaa. Ukishapandwa, umepandwa, babu anaukuta hapo na mjukuu anaukuta hapo, na anayeusogeza ni mwizi au mchawi. Tulipoambiwa mstari uko kwenye nane tulidhani utakaa kwenye nane. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mstari ule ulitengenezwa na watu wenyewe waliokuwa wakipimwa, na kwamba ukiwaondoa wa chini, wastani wa waliobaki unapanda, na watu wanakaribiana, na hatua inafupika. Ongeza hofu ya wale waliobaki, ambao walijaza toroli kama watu wanaofukuzwa na moto. Mwezi wa pili wastani ulikuwa kumi na tatu. Hatua ilikuwa toroli moja na nusu. Toa hatua mbili, yaani toroli tatu: mstari umesimama kwenye kumi. Ngasa alikuwa na tisa zake, alizopewa na sisi.

Walimwita ofisini asubuhi tukiwa tumepanga foleni ya kushuka. Mnyapara wetu, ambaye macho yake yalimwona Ngasa akifanya kazi kila siku ya Mungu, alisimama pembeni akichezea kamba ya taa. Bwana Saa alimpima Ngasa kwa macho kuanzia miguuni mpaka kichwani, akasema kitu, na Karani Rajabu akatafsiri bila kumtazama. "Anasema mwili wote huu, kumbe ni wa bure." Nilipiga hatua mbele. Nilitaka kusema yote, vibati, mfuko, Masanja, yote. Ngasa akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, akanibana mpaka nikaumia. "Ukisema tunaondoka kumi," akaninong'oneza. "Na huyu mmoja anakwenda kufa. Nyamaza." Nikanyamaza. Akapanda lori mchana, amekaa juu ya mzigo wake wa blanketi, na alitupungia mkono kama anayekwenda harusini.

Nilikwenda kwa karani jioni ileile, safari hii bila shikamoo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba mstari unatembea. Alikuwa anakunywa chai. "Uliniuliza uko wapi," akasema. "Hukuniuliza utakuwa wapi." Kisha akanyoosha mkono kunikaribisha karanga. Nimekutana na watu wabaya wengi katika maisha yangu, wezi na walevi na hata muuaji mmoja, lakini nikitaka kumchukia mtu bado namchukua yule, na kanzu yake safi.

Mjukuu wangu anafundisha hesabu sekondari. Mwaka jana alikuwa mezani kwangu akisahihisha mitihani, na baadaye akachora kengele ileile kwenye karatasi, akanieleza kwa upendo mwingi, kwa sauti wanayowasemea wazee, kwamba hii hapa katikati ni wastani na ule umbali unaitwa mkengeuko sanifu. Nikamwambia naijua. Akacheka, hakuamini. Kengele si uongo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Bwana Saa alisema kweli, watu hawana nguvu sawa. Ukiwapima wengi watajipanga vile, warefu kwa wafupi, hodari kwa wagonjwa, na daima kutakuwa na mtu pembeni. Ukimkata huyo, aliyekuwa wa ndani kidogo anakuwa wa pembeni. Ukimkata naye, yupo mwingine. Unaweza kukata mpaka ubaki na mtu mmoja, naye atakuwa wastani kamili. Nilimuuliza mjukuu wangu wale wanafunzi wa pembeni kushoto anawafanyaje. Akasema wanaitwa wazazi wao. Nikaenda kulala.

Mkataba wangu ulipoisha sikurudi moja kwa moja Ushirombo. Nilipitia kijijini kwa Ngasa, nikiongozana na Masanja aliyekuwa anakwenda likizo. Likizo, ndiyo, kwa kuwa zile kumi na tatu tulizoendelea kumjazia kila siku zilionekana, na kifua chake kilipopata nafuu walimtoa chini na kumfanya mnyapara msaidizi wa juu, penye hewa. Tulimkuta Ngasa kwenye shamba lake la pamba, analima peke yake. Msukuma wa rika lile halimi peke yake kipindi kile cha mwaka isipokuwa ana jambo. Alipofika nyumbani alikuwa amepeleka kipande, ile kadi yake ya kazi, kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, kama walivyotakiwa wote wanaorudi, na karani wa pale akamsomea mbele ya watu: ameachishwa kwa uvivu. Vijana walikaa wakamvua unsumba ntale. Hakuna aliyekuja tena kulima kwake, wala yeye hakualikwa kokote.

Nililazimisha kikao. Ngasa hakutaka, lakini nilikwenda kwa yule aliyeshika nafasi yake, kijana anayeitwa Shija, nikamwambia nina ushahidi, naye kwa heshima ya mgeni akakubali. Walikaa uani kwake wakiwa wametoka kulima, majembe yameegemezwa ukutani, mtungi wa pombe ya mtama katikati. Nikaeleza yote. Nilichora kengele mchangani kwa kijiti. Nikaeleza vibati, nikaeleza wastani, nikaeleza jinsi hatua ilivyofupika, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona nyuso zao zinavyofunga, kwa kuwa nilionekana mtu anayetafuta maneno. Shija alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mgeni, tumekusikia," akasema. "Unasema mtu hodari kuliko wote alichagua mwenyewe kuitwa mvivu. Sisi tunalima hapa tangu babu zetu, mtu wa namna hiyo hatujamwona. Wewe ni rafiki yake, na rafiki humtetea rafiki. Lakini yupo hapa mtoto wetu tuliyemzaa, naye alikuwa huko huko. Masanja, simama utuambie. Ni kweli?"

Masanja akasimama. Alikuwa amevaa viatu, yeye peke yake uani pale, na koti alilopewa kazini. Nilimwona akipima. Akisema ndiyo, basi zile toroli si zake, cheo si chake, na mvivu anayetafutwa ni yeye. Mama yake alikuwa mlangoni amebeba kibuyu, anamtazama kwa fahari. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na mimi nilikuwa nimekula na mtu huyu sahani moja mwaka mzima.

"Mimi sijui," akasema. "Kila mtu alitundika kibati chake."

Nilimgeukia Ngasa, nikitaka ainuke, apige kelele, amkabe, afanye lolote. Alikuwa amekaa nyuma kabisa ya wenzake, mikono juu ya magoti, anamtazama Masanja ambaye bado alikuwa amesimama na ameanza kukohoa.

"Mwambieni akae," akasema. "Kifua chake hakifai kusimama muda mrefu."